Maji ya Vuguvugu kwenye Bakuli la Maua

Dada yangu alishapoteza mimba mbili, zote zikiwa za miezi mitano. Ya tatu ilimkuta Guangzhou, China, kwenye biashara yake ya nguo, na daktari akamwambia alale: asibebe mzigo, asipande ndege, asisimame zaidi ya muda wa kuoga. Ndiyo maana nikaitwa kutoka Dar. Nilikuwa na shahada ya takwimu na sikuwa na kazi, kwa hiyo ukoo mzima uliona mimi ndiye ninayefaa kupika uji.

Alikuwa amepanga vyumba viwili mtaa wa Kangle, juu ya karakana ya kushona. Mwaka Mpya wa wenyeji ulipofika, mafundi walirudi makwao na cherehani zikanyamaza. Wafanyabiashara wenzake nao walikuwa wameshapanda ndege kurudi nyumbani. Kisha ukaja ule unyevu wa mwanzo wa majira yao ya kuchipua. Kuta zilitoka jasho, shuka zilikaa siku nne kwenye kamba bila kukauka, na dirishani hukuona kitu ila ukungu. Dada alilala chali, mito miwili chini ya miguu, anafuma.

Kwetu Njombe mtoto huvalishwa sweta, kofia na soksi za sufu siku hiyo hiyo anapozaliwa. Baridi ya kule haina mjadala. Lakini mama yetu hashiki sindano mpaka mtoto alie. Anasema kumfumia ambaye hajaja ni kumfukuza. Dada alitii mara mbili, hakugusa uzi, na mara mbili alitoka hospitali mikono mitupu. Safari hii alinunua mabunda sita ya uzi wa njano wiki ile ile aliyopimwa. Nikamuuliza: kama kutofuma hakukusaidia, kufuma kutasaidia vipi? Akasema hakunileta kuja kumsahihishia mtihani.

Mwenye nyumba wetu, bibi mmoja Mkantoni, mwenyeji wa jiji hilo, aliyeongea nasi kwa simu inayotafsiri, alituletea bakuli la kokoto na matunguu matatu ya maua yanayoota kwenye maji matupu. Ua lake ni jeupe, lina kikombe cha njano katikati. Wenyeji huyapangia siku ya kuchanua. Yakichelewa huyapeleka juani na kuyapa maji ya vuguvugu; yakiwahi huyaficha gizani kwenye maji baridi, ili Mwaka Mpya uyakute wazi. Haya yetu yalikuwa mabaki ya soko, siku yake ilishapita. Hata hivyo bibi alisema, au simu ilisema, kwamba ua likifunguka ndani ya nyumba, mwaka nao unafunguka.

Dada akaomba nimsomee tarehe ya kipimo kinachofuata. Ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili kutoka siku hiyo, mimba ikiwa katika mwezi ule ule wa tano.

"Yakichanua kabla ya Ijumaa hiyo," akasema, "huyu anabaki."

Nilimweleza kwa upole, halafu bila upole, kwamba tunguu halijui lolote kuhusu tumbo la mtu. Nilitaja uwezekano, nikataja sampuli ya matunguu matatu. Akaendelea kuhesabu vitanzi vyake. Baadaye akaniambia, "Mdogo wangu, wewe una takwimu zako. Niachie vitunguu vyangu."

Kwa siku kadhaa niliyaacha. Kila asubuhi aliniita nisogeze bakuli karibu na kitanda, akayapima mashina kwa sindano ya kufumia. Machipukizi yalikuwepo, manono, yamefungwa kama ngumi. Sweta lilishafika kwapani.

Jumatatu ya wiki ya kipimo akatoka bafuni ameshika ukuta. Matone mawili ya damu, alisema, matatu labda. Nilipiga simu hospitali. Wakasema alale, yakizidi tuje mara moja. Hayakuzidi. Ila tangu hapo hakufuma tena kwa raha. Alifuma safu moja, akatazama bakuli, akafuma safu nyingine.

Nami nikaanza kuchemsha maji.

Nilifanya kwa siri, asubuhi na jioni, akiwa bafuni. Nilichanganya ya birika na ya bomba, nikayajaribu kwa kiwiko kama mtu anayetaka kumwogesha mtoto. Jua halikuwepo, kwa hiyo usiku, dada akishalala, nililiweka bakuli jikoni nyuma ya mashine ya kukausha hewa, inapotoa joto. Jumatano machipukizi hayakuwa yamebadilika, nikaongeza maji ya moto. Sikujiuliza ninafanya nini. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza.

Alhamisi yalikuwa yamegeuka rangi ya karatasi ya kaki. Bibi mwenye nyumba alipopita, alipasua chipukizi moja kwa ukucha. Ndani petali zilikuwepo zote, zimekauka. Akasema neno moja. Simu ikalitafsiri: ua bubu.

Dada akageukia ukuta. Baada ya muda akaomba sweta. Nilidhani anataka kufuma. Akachomoa sindano, akavuta uzi, na safu zikaanza kutoka moja baada ya nyingine, bila haraka, mpaka uzi wenye mawimbi ukajaa kitandani.

Ijumaa alikataa kuamka. Nilimwambia gari limefika chini. Akaniuliza aende kuambiwa nini, jambo lenyewe analijua. Tangu jana hajasikia kitu tumboni. Nikampigia shemeji, mumewe, aliyeko Njombe; dada akazungumza naye, akakata simu. Gari likaondoka. Nikaita jingine. Nikapiga magoti sakafuni.

"Nilikuwa nayawekea maji ya moto," nikasema. "Asubuhi na jioni. Ni mimi niliyeyaua."

Akageuka polepole. "Wewe?"

"Mimi."

"Si ulisema ni vitunguu tu?"

"Ni vitunguu tu."

"Sasa hayo maji ya moto ulikuwa unamwekea nani?"

Akaketi kitandani, akasema nimletee viatu, na kwamba daktari akimaliza naye anipime na mimi kichwa.

Daktari alipitisha kile kifaa tumboni kushoto, kulia, akarudi kushoto. Mimi nilitazama mikono yake kwa sababu uso wake sikuweza. Kisha yakasikika mapigo ya moyo, ya haraka haraka, kama mtu anayekimbia na kandambili. Dada hakulia. Daktari akaendelea kupima, na alichokiona hakikumfurahisha: mlango wa kizazi ulikuwa umeanza kufupika. Alazwe siku hiyo hiyo. Tukifikisha wiki nne zaidi, alisema, ndipo tutaanza kuzungumza kuhusu mtoto anayeweza kuishi akizaliwa.

Leo ni siku ya tisa. Mimi nalala kwenye kiti cha kukunjua pembeni ya kitanda chake. Uzi ameukataza usiletwe, wala sijamwomba abadili nia. Ananisemesha kuhusu uji tu: mzito, mwepesi, hauna sukari. Kila asubuhi muuguzi hupita na kifaa kidogo, kitanda kwa kitanda, anatafuta mapigo. Jana yalichukua muda kupatikana. Leo ameanzia upande wa pili wa wodi, bado vitanda vitano, na dada amenishika kidole kimoja bila kunitazama.