Kesi ya Njia

Mnaonijua pale soko la Daraja Mbili mnajua kwamba ndizi zangu naziuza kwa mdomo kabla hazijaiva. Nilikuwa na nguvu na kelele. Halafu hedhi yangu ikaharibika.

Ilikaa siku tisa badala ya nne. Damu ilitoka na mabonge makubwa kama ini la kuku, na pedi haikumaliza saa. Nikawa nakalia leso nyeusi sokoni. Nikiinuka, kizunguzungu kinanikalisha. Tumbo lilijaa mpaka jirani akanipongeza. Siku hiyo nililia, kwa sababu sikuwa nimewahi kushika mimba.

Daktari wa kliniki moja mjini Kisii alinipima. "Ni uvimbe kwenye mfuko wa uzazi," alisema. "Sindano tatu, moja kila mwezi, pamoja na vidonge, zitaufanya usinyae. Ukisinyaa tutautoa wenyewe tu. Usiposinyaa, huenda tukatoa mfuko wote."

Nilichomwa mbili, damu ikapungua. Kabla ya sindano ya tatu, karani akapiga simu. "Usije kwanza, mama. Kuna kesi ya njia."

Sisi Wakisii na kesi za njia! Mtu akisogeza ua hatua moja, ukoo mzima uko kwa chifu. Mama mkwe, aliyetoka Ekerenyo kuja kuniuguza, akaruka. "Nani amefunga njia ya hospitali? Mokamwana, mke wa mwanangu, vaa gambuti. Tutapitia shambani!"

Tukafika na gambuti zetu, barabara ikiwa wazi kabisa. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Si njia ya kupita, akasema, ni njia ya kutibu. Kampuni mbili za ng'ambo ziligombania hataza, yaani haki ya mvumbuzi kumiliki alichobuni. Kila moja ilidai kwamba mpango wa kuchoma sindano ile pamoja na vidonge vile ni wake. Barua ya mawakili ilikuwa imewatia hofu wakubwa wa kliniki.

"Sindano iko?" mama mkwe akauliza.

"Iko kwa friji."

"Mgonjwa huyu hapa. Sasa hao wanamiliki nini, siku za mwezi? Mimi nimefundisha wasichana wangapi kupika mboga ya chinsaga, na sijashtaki mtu!"

Mimi niliogopa. "Daktari, uvimbe haungoji mahakama," nikamwambia. "Nataka mtoto."

Siku tatu baadaye daktari alipiga simu mwenyewe. Wakili wa kliniki alikuwa amesoma sheria: hapa Kenya dawa inaweza kupewa hataza, lakini namna ya kutibu mwili wa mtu haina mwenyewe. "Njoo uchomwe," akasema. Nilikimbia.

Uvimbe ulitolewa, mfuko ukabaki. Leo Moraa wangu ana miezi minane na meno mawili, na ananiuma nayo. Namshukuru Mungu, daktari, na wakili nisiyemjua sura. Namshukuru pia mama mkwe, anayeapa kwamba kesi aliishinda yeye.

Nawe dada, pedi ikijaa kila saa, usiseme ni kawaida. Mimi nilipoteza miaka miwili kwa kuona haya kutamka neno damu. Litamke.