Mchanga Unaojiosha

Tarehe 9 Oktoba 1912 nilikuwa nimepiga magoti mtoni, nikichota maji kwa kata katika kisima cha wifi yangu. Mto wetu, kama mito mingi ya Ugogo, wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Maji yako chini yake, na kila nyumba huchimba shimo lake na kulizungushia miiba, asiliguse mwingine. Siku hiyo maji yalitoka na rangi ya uji wa uwele, tena yalinuka.

"Mwalimu," alisema wifi, ambaye alipenda kunitania kwa jina hilo tangu niliporudi kutoka chuo cha ualimu cha misheni, "si ulisema mchanga huchuja?"

Nilisema. Wajerumani walikuwa wamejenga chujio karibu na stesheni ya reli ili kusafisha maji ya bwawa, nami niliwapeleka wanafunzi wangu wa kike kulitazama. Lilikuwa tangi la chuma lililojaa mchanga. Maji machafu huingia kwa juu na kushuka taratibu, tope likibaki kati ya chembe. Tope likizidi, maji hukwama. Hapo fundi hugeuza vali mbili, maji safi yakasukumwa kutoka chini, mchanga ukafumka kama uji unaochemka, na tope likatolewa nje kwa bomba la pembeni.

"Linajiosha lenyewe, mama," fundi alijisifu. "Kila Jumamosi. Wapo watu hawalifikii kwa kuoga!"

Wasichana walicheka, nami nikacheka. Sikuuliza bomba lile linamwaga wapi.

Lilimwaga mtoni. Mchanga wa hapo ukalowa katikati ya kiangazi, na kwetu unyevu wa majira hayo ni mwaliko wa kuchimba. Wifi, aliyekuwa na mtoto mgongoni na nyumba iliyo mbali na kisima chake, aliniuliza kama akihamishie pale. Nilimjibu kwa uhakika wa msomi: "Hamia tu. Mchanga utayachuja."

Mchanga wa mto nao hujiosha, ila mara moja kwa mwaka, mafuriko yanapoufagia. Tangi la stesheni liliutapikia tope kila juma, na mvua ilikuwa bado mbali. Mwanamke yeyote asiyejua kusoma angeliona hilo, kama ningemweleza bomba lilitoa nini. Mimi nililiona siku ile tu, kata ikiwa mkononi, na mtoto wa wifi, aliyeharisha tangu juzi, amelegea mgongoni hata kulia hawezi.

Tulimzika Jumapili. Wifi hakunilaumu, aliacha tu kuniita Mwalimu.

Nilikwenda stesheni, nikaambiwa nilete maneno yangu kwa maandishi. Kwa majuma matatu kalamu ilinishinda. Hatimaye nilipeleka haya:

"Kwa Bwana Mkubwa wa Stesheni, salaam. Bomba la chujio lenu linamwaga tope juu ya visima vya wanawake. Naomba lirefushwe hadi lipite kisima cha mwisho, kabla ya mvua. Mtoto mmoja amekufa. Aliyemwambia mama yake kwamba maji yale ni salama ni mimi, wala simtwiki mtu mwingine neno hilo. Lakini bomba ni lenu."