Grafu ya Asali

Mimi ni mwalimu wa kemia huko Tawa, na sioni haya kusema kwamba nilioa kwa kalkulasi.

Shida ilikuwa wakwe. Kwetu Ukambani msichana hahesabiwi mke wako mpaka upeleke mbuzi wa ntheo. Mjomba wa mpenzi wangu alitaka mbuzi hao waandamane na uki, kinywaji cha asali kilichochacha. Baba ya msichana, mzee wa kanisa asiye na mzaha, akatuma neno: "Nikisikia harufu ya pombe, mbuzi warudi walikotoka." Na mimi huyo msichana nilimpenda mpaka chakula kilikuwa hakipiti.

Wacha wewe! Nikasema hii ni kazi ya dy/dx, ile kalkulasi ya kupima kasi ya mabadiliko. Nikachanganya asali, maji na tunda la kuchachushia, nikajaza mtungi, na chupa moja nikaiweka kwenye mizani ya maabara. Gesi ikitoka, uzito unapungua. Ukichora grafu ya uzito uliopotea na kuchora tanjenti, unajua kinachacha kwa kasi gani saa yoyote. Asubuhi nzima mstari ulilala kama ng'ombe aliyeshiba. Nikapiga hesabu: tukifika Mutomo kwa wakwe saa nane, mjomba atapata uchachu wake na baba hatapata pombe. Nilijipongeza kwa sauti.

Sasa, kila mwaka nawapigia wanafunzi kelele kwamba joto huongeza kasi. Tawa kulikuwa na baridi. Mutomo, woi! Mtungi ukavimba njiani, hata mbuzi wakajitenga nao. Tukiwa katikati ya maombi ya kufungua shughuli, kifuniko kikaruka, pwaa! Povu likaloweka viatu vya mzee.

Mjomba akasema, "Amina." Mpenzi wangu akaficha uso kwenye leso. Ujanja wa nyani huishia jangwani, nikajiambia.

Mzee akaitisha kikombe, eti achunguze. Akaonja. Akaonja tena, na uchunguzi ukawa mrefu.

"Kijana, hii ni pombe?"

"Baba, kulingana na grafu..."

"Nimekuuliza grafu?"

"Ni pombe, baba."

"Na kesho?"

"Kesho itakuwa kali zaidi. Mstari bado unapanda."

Akatupa jicho barabarani, kuona kama pasta anakuja.

"Basi mtungi ulale hapa, kesho niuchunguze tena," akasema. "Na nyinyi mnangoja nini? Fungeni mbuzi."