Mbolea Mbili za Mama

Juzi sokoni Rongo nilinusa gunia la mbolea ya dukani, nikamkumbuka mama alasiri ile ya kupanda maharagwe. Bwana shamba alikuwa amemwambia kwamba samadi imepitwa na wakati, naye nyanya alimwonya kuwa mbolea ya dukani itaua udongo. Mama alitia kila shimo kiganja cha samadi yenye harufu ya zizi, kisha chembe chache za kijivu, akafunika kidogo kabla ya kuweka mbegu. Nilidhani anaogopa kumuudhi yeyote.

“Mama, unafuata maneno ya nani?” nilimuuliza.

“Udongo huu una njaa ya zote mbili,” alinijibu bila kuinuka.

Maharagwe yalizaa kuliko ya majirani wote. Bwana shamba alirudi na daftari, akamwomba mama amweleze polepole alivyochanganya. Mama hakuwa ameingia darasani hata siku moja.