Mkasi Juu ya Gauni la Harusi

Juzi nilikuwa kwa fundi cherehani, Ipogolo, napunguziwa suruali ya interview. Ya ngapi? Usiniulize. Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni akatandika gauni lake la harusi mezani, likatwe liwe nguo ya ubatizo ya mtoto. Fundi alipoinua mkasi, mama mkwe wake akaingia mbio, akakamata pindo.

“Acha! Wifi yako atalivaa Desemba. Mwanangu ndiye aliyelinunua!”

Dada akapiga goti. “Shikamoo, mama. Na huyu mgongoni ni wa nani?”

Mkasi ukaning’inia hewani. Mama akamtazama mtoto, akaachia pindo polepole.

“Kata. Ila shela nalichukua.”

Honestly, nimesoma conflict resolution miaka mitatu. Somo la shikamoo hawakutufundisha.