Yule Kuku Niliyemwita Mvivu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha kuku kugeuza mayai yake chini ya kifua bila kuonyeshwa na mtu, akanipa na mimi umri wa kuliona hilo mara nyingi. Namshukuru pia kwa subira aliyonijalia. Wiki iliyopita subira hiyo ilinitoka, naye ni Mwingi wa kusamehe.

Mjukuu wangu Zuhura, anayekaa Kanyosha, alinipigia simu nimetoka tu kuswali adhuhuri. Ameanza kufuga mwaka huu: kuku sita wekundu wa mayai, wa kienyeji watatu, mabata majike wawili na jogoo mmoja. Katika wale wa kienyeji, mmoja mweusi nilimpa mimi.

"Bibi, ile kuku yako nyeusi ni mvivu kabisa," akasema. "Wiki mbili inakaa tu mu kona. Mayai apana! Ijumaa naichinja, wakwe wanakuja."

"Umeangalia chini yake?"

"Chini kuna nini, Bibi? Ukiikaribia inakudona!"

Nikamuuliza anajuaje kwamba ni huyo asiyetaga. Akanijibu kwamba amebandika karatasi kwenye mlango wa banda: majike kumi na moja, mayai kumi na moja kila siku. Kwa kuwa anaokota matano au sita, basi lazima kuna wanaokula bure. Karatasi! Yaani kuku asomewe hesabu, na akishindwa achinjwe. Nilikata simu bila hata kumuaga, jambo ambalo wazazi wangu wangelikemea. Hasira ile haikuwa kwa Zuhura peke yake, na sababu yake sikuwahi kumwambia mtu.

Enzi zetu, pale Buyenzi, banda la kuku halikujengwa kwa siku moja. Baba yangu alikuwa fundi wa magari, na nilipofika umri wa miaka kumi alisema sasa naweza kupewa amana. Tulianza na mbao za masanduku ya vipuri, tukaziba kuta kwa matete yaliyotoka Buterere. Sakafu Baba aliinua juu ya miti, kwa sababu ndugu zetu wa huko Buterere walikwisha kupoteza kuku wote kwa mafuriko ya asubuhi moja tu, na mtu mwenye akili hujifunza kwa msiba wa jirani. Fito za kulalia ziliwekwa juu, viota chini yake, pembeni, mahali penye giza. "Kuku akitaga anataka stara," Mama alikuwa akisema, "kama wewe unavyotaka stara ukioga." Chini tulitandika makapi ya mpunga. Bado nayasikia yakilia chini ya miguu yangu, na ile harufu ya jivu la jikoni tulilowamwagia kuku wajigaragaze, chawa wafe.

Kisha wakaja wenye banda. Kuku wanne wa kienyeji, jogoo mwenye kilemba kilichochanika, mabata wawili, na kuku mmoja mweupe aliyeachwa na Mzungu aliyekuwa anahama. Mabata walichafua maji siku ya kwanza tu, wakaloanisha makapi yote, na Baba akawatengea beseni lao nje. Tuliwapa pumba, mabaki ya ugali, na vichwa vya ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka Kajaga, hadi mayai yakaanza kunuka samaki na Mama akatukataza. Maganda ya mayai tuliyakaanga, tukayasaga, tukawarudishia. Hakuna aliyetufundisha kwa video. Tulifundishwa kwa kutumwa, na kwa kupigwa kofi la kichwa tukisahau maji.

Mimi nami, nikiri, nilikuwa na karatasi yangu, ila ilikuwa kichwani. Nilimwona yule mweupe akitaga karibu kila siku, nikadhani wote waliumbwa hivyo. Mama alinieleza kwa upole: "Wa kienyeji anataga fungu lake, kumi, kumi na tano. Halafu anaatamia, halafu analea. Ndiyo kazi yake, si uvivu." Nikasema ndiyo, kama watoto wanavyosema ndiyo.

Kati ya wale wanne alikuwepo mmoja wa madoadoa. Huyo sikuwahi kumwona kwenye kiota hata mara moja. Asubuhi akitoka anapotea, anarudi mara moja mchana, anakula mbiombio kama mtu aliyeacha chungu motoni, anapotea tena. Jioni nilikuwa na zamu ya kuwahesabu wakiingia. Asipokuwepo, na mwishoni alikosekana kila jioni, nilisema wametimia, maana nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza kibe, mchezo wa kujificha, na wenzangu.

Siku moja alikuja mjomba kutoka Uvira. Mgeni hali mchicha mtupu. Baba akaniita mbele ya watu, akanipa heshima ya mkubwa: "Wewe ndiye mwenye kuku. Nani hatagi?"

"Yule wa madoadoa, Baba."

"Una hakika?"

"Hatagi hata moja. Ni mvivu."

Baba alimwelekeza kibla, akapiga bismillahi, akamchinja kwa kisu kikali kama tulivyofundishwa, bila kumtesa. Mjomba akanisifu kuwa mtoto huyu anajua mifugo. Nikala paja. Lilikuwa tamu, Mungu anisamehe.

Siku ya tatu Mama alikuwa akipalilia nyuma ya migomba ya jirani, akaniita. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Chini ya majani makavu ya mgomba palikuwa na kiota. Mayai tisa, baridi kama mawe. Mama alivunja moja. Ndani alikuwa kifaranga kamili, ana manyoya, ana mdomo. Zilikuwa zimebaki siku chache.

Nilichimba shimo mwenyewe. Jioni Baba aliporudi, mikono bado ina grisi, aliambiwa. Hakunipiga. Heri angenipiga. Alikaa kwenye kigoda akanawa taratibu, kisha akasema: "Mwanangu, umetoa ushahidi wa jambo usiloliona. Mimi nikachinja kwa ulimi wako." Akainuka kwenda kuswali magharibi.

Tangu siku hiyo sikuruhusiwa kusema neno juu ya kuku kabla ya kumshika. Mama alinifundisha kumpima: vidole viwili vikienea kati ya mifupa ya nyuma, huyo anataga, kikienea kimoja tu, bado au ameacha. Alinifundisha kuinua mayai kwenye jua kuona mishipa ndani, na kuyatia alama ya wanja yale yanayoatamiwa, maana kuku wengine huja kutaga juu yake.

Basi Alhamisi nikapanda Kanyosha. Banda la Zuhura ni zuri kwa macho: bati jipya, rangi ya kijani. Ndani joto la tanuri, na viota vinne vimepangwa mbele ya mlango, jua linavichoma. Kona moja tu ndiyo yenye giza, na kona hiyo ndiko alikokaa yule mweusi, amevimba, macho makali.

"Bibi, usisogee! Atakutoa damu!"

Nikazungushia kitenge mkononi, nikasema bismillahi, nikaingiza mkono chini yake. Akanidona mara mbili, ana haki. Nikatoa yai moja jekundu, likiwa bado na joto. Nikatoa la pili, jekundu. Yalikuwa kumi na saba jumla, na mawili kati yake makubwa ya bata.

Zuhura akashika mdomo. "Ni ya wale wekundu?"

"Wanamtagia yeye. Kwako kuna jua, kwake kuna stara. Mwenye kukutunzia mali ndiye uliyetaka kumpikia wakwe."

Tukayainua kwenye jua moja moja. Tisa yalikuwa na mishipa. Yasiyo na mishipa nilimpa akapike, na yale ya bata pia, maana yalikuwa mapya na bata huchelewa kuanguliwa kuliko kuku. Nikamwomba wanja, akaniletea wa kalamu kutoka kwenye mkoba wake. Nilipotia alama yai la tisa sikulirudisha kiotani, nikabaki nimelishika, akaniuliza nina nini. Nikamsimulia, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, habari ya yule wa madoadoa. Hakucheka. Akaenda mlangoni akabandua ile karatasi.

"Na wakwe, Bibi?"

"Wapikie ndagala. Wakinuna, waambie Bibi yako ndiye aliyekataza."

Zamani tulikuwa na makosa kama haya ya leo. Sitadanganya kwamba tulikuwa malaika. Ila alikuwepo mtu wa kutuuliza: una hakika? Leo kila mtu ana hesabu mkononi, na wa kuinama aingize mkono gizani hapatikani. Hilo ndilo linaloniudhi, na nitaendelea kuudhika.

Naandika haya siku ishirini na moja za kuangua hazijatimia. Zuhura hunipigia kila asubuhi kuniambia mweusi bado amelalia mayai.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akubarikie nyumba yako na vilivyo hai ndani yake, auzuie ulimi wako usishuhudie usichokiona, na akukutanishe na mwenye kukuuliza kabla kisu hakijanyanyuliwa. Amina.