Bi Alawiya Afunga Kinywa

Huko Mtongwe, akifa mwanamke, mtu wa kwanza kubishiwa hodi ni Bi Alawiya. Kazi ya kuosha maiti aliirithi kwa mamake, na huifanya kwa ajili ya Mungu, hataki hata nauli. Wasichana anaowafunza huwaambia jambo moja kabla ya mengine yote: maji yajaribiwe kwanza kwa kiwiko, yasiwe ya moto wala baridi, na mkono upite taratibu, kwani maiti ahisi ila hana ulimi wa kusema.

Basi mwanamke huyo, mwenye mkono mwepesi kiasi hicho, akapatwa na jego. Lilianza kwa kumchoma akinywa chai, likaja likawa lapwita mchana kutwa na kuvuta mpaka sikioni. Akenda kwenye kliniki ya meno, huku huku Likoni, jina lake tuliache. Daktari alikuwa kijana wa bara aitwaye Gedion, mtu mstaarabu, ambaye humsalimu kila mgonjwa kwanza kabla hajamgusa.

"Habari yako, mama?"

"Njema, alhamdulillah," akajibu Bi Alawiya.

Angejibu nini tena? Tangu utotoni alifunzwa kwamba salamu hujibiwa kwa shukrani, hata kama nyumba yaungua. Isitoshe alikuwa amevaa buibui lililopigwa pasi, amejifukiza udi, ameketi wima kama aliyekuja kuposa. Gedion alimtazama kinywani, akaandika kidogo, akampa panadol. Jino likazidi, akarudi. Salamu ile ile, jibu lile lile, panadol zile zile.

Aliporudi tena, Gedion akaamua kuling'oa. Alimpiga sindano ya ganzi na papo hapo akashika koleo, maana foleni ilikuwa imefika nje. Bi Alawiya alihisi kila kitu. Aliguna, akaambiwa, "Ni kusukumwa tu, mama, si maumivu." Alishika mikono ya kiti, akaleta istighfari moyoni, machozi yakamshuka mpaka shingoni. Na jino lenyewe likakatika, mizizi ikabaki ndani. Akaambiwa aje wiki ifuatayo.

Katikati ya wiki hiyo alifariki mke wa imamu, shoga yake tangu chuoni walikosoma Kurani. Walipokuja kumwita Bi Alawiya alijaribu kuinuka, lakini kila akiinamisha kichwa taya lilimvuta kwa uchungu, akalazimika kurudi kitandani. Shoga yake akaoshwa na wanawake wa mtaa mwingine. Hilo lilimuuma kupita jino.

Jirani yake Roseline, mama wa Kikristo afanyaye kazi kwenye ghala la majani ya chai kule Changamwe, ndiye aliyemletea uji na maneno.

"Lakini mama, si wewe ulimwambia daktari uko njema? Mimi pia nilikuwa kliniki siku ile, kwenye benchi nje ya pazia la daktari, nilisikia."

"Ile ni salamu, Roseline."

"Kwenu ni salamu. Yeye aliandika. Kwetu mtu akiumwa na jino hupiga nduru mpaka daktari wa ng'ombe anakuja kuuliza kuna nini."

Bi Alawiya alicheka, akajutia kucheka, akashika shavu. Roseline alipoondoka alibaki akiwaza. Alikuwa akiogopa kwamba kulalamika ni kumkufuru Mungu. Lakini subira, akajiambia, ni kwa lile aliloliandika Mola. Hii sindano isiyongojewa je, iliandikwa wapi? Hii ni haraka ya mwanadamu, na mwanadamu huambiwa.

Siku ya kurudi ilipofika Roseline alimsindikiza. Benchi lilijaa wanawake, na pazia la chumba cha daktari lilikuwa limefungwa nusu.

"Habari yako, mama?"

"Si njema."

Wanawake wa benchini waliinua vichwa kama waliomuona amevua mtandio. Gedion naye alisita, glovu moja mkononi.

"Namshukuru Mungu kwa yote," akasema Bi Alawiya, "lakini habari si njema, daktari. Naumwa. Siku ile uliniumiza mno."

Gedion alisema pole, na kwa haki aliisema vizuri. Akampiga sindano. Kisha mkono wake ukaenda kwenye koleo vile vile kama siku ile, kwa mazoea tu. Bi Alawiya akafunga kinywa, akavuta ncha ya mtandio akajiziba.

Aliambiwa afunue, akatikisa kichwa. Aliambiwa dawa imeshaingia ya kutosha, na kwamba watu wengi huogopa tu. Akashusha mtandio kidogo, kiasi cha kupitisha maneno.

"Mwanangu, mimi huosha maiti. Yule hawezi kuniambia maji ni ya moto, nami namuonea huruma. Mimi nakwambia kwa ulimi wangu naumwa, wewe waniambia nasukumwa. Bado sijafa. Mdomo wangu ukiwa mzito kwa ganzi nitaufungua mwenyewe."

"Foleni ni ndefu, mama. Itabidi niite mwingine."

"Muite. Nami nitangojea papa hapa kitini."

Kiti ni hicho hicho kimoja. Nje ya pazia Roseline akapaza sauti, "Hatoki huyo, daktari. Ni jirani yangu, namjua."

Benchi zima likacheka, na Gedion mwenyewe akashindwa kujizuia. Akaweka koleo chini. Walingoja. Akamgusa ufizi kwa ncha ya chuma, akauliza, akajibiwa bado. Wakangoja tena, bado. Hapo akavuta sindano ya pili, akaipiga mahali pengine, ndani zaidi, na safari hii akaketi.

Ganzi ilimpanda Bi Alawiya polepole, mdomo ukawa mzito kama wa kuazima. Akafungua kinywa. Mizizi ikatoka, akasikia kule kuvutwa lakini uchungu hakuuona.

Gedion akampa pamba auume, na juu yake pakiti ya panadol. Bi Alawiya aliitazama, akairudisha mezani. Akaonyesha shavu, akaonyesha saa ya ukutani, yaani ganzi ikishatoka itakuwaje. Gedion alisema panadol yatosha kwa jino. Bi Alawiya hakuinuka. Daktari alimtazama, akavuta karatasi, akaandika dawa yenye nguvu zaidi, akamweleza namna ya kuinywa.

Aliyefuata ni bibi mmoja aitwaye Nyevu, shavu limemvimba kama aliyeficha embe. Alipopishana na Bi Alawiya penye pazia alimshika mkono wa buibui, akamwomba asiende. Bi Alawiya akatwaa kigoda, akakiweka karibu na kiti, akaketi, na pamba yake mdomoni.

"Mama, wewe si umemaliza?" akauliza Gedion.

Bi Alawiya hakuweza kusema, wala hakuhitaji. Daktari alimpiga Nyevu sindano, na mkono ukaanza kwenda kwenye koleo. Bi Alawiya aliinua kidole. Gedion akauvuta mkono, akauweka pajani, na wote watatu wakaungojea mdomo wa Nyevu uwe mzito.